Vanila kwenye bia ya nyumbani: kwa nini ya mwenzako inanukia na yako haina kitu

Jamaa mmoja anachemsha maganda mawili ya vanila pamoja na kimea, anasubiri mwezi mzima, anafungua chupa, anaonja, hamna kitu, stauti (ile bia nyeusi nzito) ya kawaida tu. Mwingine siku ya kujaza chupa kamwaga ile vanila ya dukani ya kupikia keki bila kupima, sasa ana chupa arobaini zinazonuka pipi na hata mashemeji wanazikwepa. Ukiwauliza, wa kwanza atakwambia vanila haina nguvu, wa pili atakwambia ina nguvu kupita kiasi. Wote wako sahihi kwa waliyoyaona, ila hakuna aliyejua nini kimetokea ndani ya ndoo, na huko ndo kwenye stori yenyewe.

Niseme mapema naongelea bia gani. Ni hii ya hobi, kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), hamira ya bia ya pakiti, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na kile kibomba cha kutolea gesi. Marekani watu wanapika kwa amani tangu rais Jimmy Carter asaini sheria ya mwaka 1978, na ndugu zetu kadhaa walioko huko na Uingereza wamenaswa na hii kitu, huku kwetu wapo pia ila wachache maana hopsi na vimea vya kukaangwa mara nyingi ni vya kuagiza (na cheki sheria za ulipo kwanza, kila nchi na yake). Kinachochekesha ni kwamba kwenye orodha nzima ya mahitaji, kitu ambacho sisi tunacho jirani kabisa ni hiyo hiyo vanila ambayo wenzetu wanaona ni anasa. Inalimwa Kagera, inalimwa Kilimanjaro, Zanzibar wanaionyesha kwa watalii kwenye mashamba ya viungo, ukivuka Uganda ndo usiseme, Mukono, Kayunga, Bundibugyo, Kasese, halafu Comoro, halafu Madagaska inayoongoza dunia nzima.

Sasa, ganda la vanila likiwa bichi shambani halinuki vanila. Ukilikata unapata harufu ya majani basi. Ile kemikali inayobeba sehemu kubwa ya harufu, vanilini, ipo humo ndani ila imefungwa pamoja na glukosi, na ikiwa imefungwa hivyo pua haiipati. Ndo maana maganda yakivunwa yanachovywa kwenye maji ya moto ya nyuzi sitini na kitu kwa dakika chache ili yafe, yanafungwa kwenye mablanketi yatoe jasho, yanaanikwa juani masaa machache kila siku, kisha yanalazwa kwenye masanduku miezi kadhaa, na katika safari yote hiyo vimeng'enya vya ganda lenyewe vinaitenganisha vanilini na ile glukosi kidogo kidogo. Kilo tano hadi sita za bichi zinashuka mpaka kilo moja. Na hapo hujahesabu kazi ya shambani, maana nje ya kwao Mexico ua la vanila linachavushwa kwa mkono, ua moja moja, siku hiyo hiyo linapofunguka, kwa ujanja aliougundua kijana mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion mwaka 1841, Edmond Albius. Watu wanalalamika bei kisha wanalitupa ganda baada ya kulikwangua mbegu. Mi nashindwa kuwaelewa.

Hii ya shambani ina maana kwako mpikaji kwa sababu moja kubwa: ganda likivunwa kabla ya miezi minane hadi tisa tangu ua lichavushwe linakuwa na vanilini kidogo, hata likaushwe na fundi gani. Wakulima wanajua hilo vizuri tu, wanavuna mapema kwa kuogopa wezi wa usiku, ilifika mahali serikali ya Uganda ikawa inatangaza tarehe rasmi ya kuanza kuvuna. Kwa hiyo maganda mawili yenye urefu sawa na rangi sawa yanaweza yasifanane hata kidogo kwa nguvu, na mtu anayekwambia "weka maganda matatu" bila kuyanusa anakubahatisha. Nusa. Harufu inatakiwa iwe nzito, ya kitamu, bila moshi wala ukungu. Uzuri wa sura usikutishe, yale marefu manene yanayong'aa ni ya kuwekwa kwenye keki za hoteli, kwa bia yale mafupi makavu kiasi, ya daraja la pili, yanafaa sana na mara nyingi gramu kwa gramu unapata zaidi kwa sababu hulipii maji.

Tumrudie jamaa aliyechemsha. Watu wengi watamwambia moto ndo umeunguza vanila, yaani imeondoka na mvuke. Ni kweli kwa sehemu. Ganda lina kemikali za harufu zaidi ya mia mbili na zile nyepesi zinaondoka kweli na mvuke wa sufuria. Lakini vanilini yenyewe inachemka kwenye nyuzi 285 hivi, maji yako ya kimea yanachemkia 100, kwa hiyo haikimbii kirahisi namna hiyo. Sehemu kubwa ya vanilini ilifika salama kwenye ndoo. Iliyoimaliza ni hamira.

Hamira haipendi vanilini, kwake ni sumu inayoipunguzia kasi, na inajikinga kwa kuigeuza kuwa kemikali nyingine, vanilili alikoholi, ambayo haina madhara makubwa kwake na pia harufu yake ni hafifu sana kwa pua zetu. Watengeneza divai wanalijua hili miaka mingi. Divai nyeupe ikichachukia ndani ya pipa la mwaloni inatoka na harufu ndogo ya pipa kuliko divai iliyochachukia kwenye tangi kisha ikahamishiwa pipani baadaye, ingawa mtu angetegemea kinyume, na sababu mojawapo ni hiyo hiyo, hamira ikiwa hai na ina kazi inageuza vanilini ya mbao kadiri inavyotoka. Ongeza na gesi. Ndoo ya lita 20 inayofikia kilevi cha asilimia 5 inatoa zaidi ya lita 400 za kaboni dayoksaidi kupitia kile kibomba, na gesi yote hiyo inapita ndani ya bia kwanza, inabeba zile harufu nyepesi inatoka nazo mpaka jikoni kwako kunanukia vizuri ajabu. Ukisikia jikoni kunanukia vanila usifurahi sana, hiyo uliyoisikia haitakuwa kwenye glasi.

Kwa hiyo vanila inaingia baada ya kuchachuka kuisha. Kuisha kweli, sio mapovu yamepungua ukajisemea imeisha. Haidromita (kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki) isome namba ileile siku tatu, hamira iwe imetua chini, ikiwezekana uhamishe bia kwenye chombo kingine uiache ile tope. Bado kuna hamira kidogo inaelea lakini imelala, haina njaa, haitakusumbua kiasi hicho.

Kuna jambo la pili ambalo watu wanalikosea, nalo ni hili la "vanila haiyeyuki kwenye maji, lazima pombe kali". Nimelisikia mpaka nimechoka. Hebu tupige hesabu. Vanilini inayeyuka kwenye maji ya kawaida gramu kama 10 kwa lita. Ganda zuri lililokaushwa lina vanilini kama asilimia 2 ya uzito wake, chukua maganda matatu ya gramu tatu tatu, jumla gramu 9, vanilini humo ndani ni kama gramu 0.18. Ndoo yako ya lita 20 ingeweza kubeba gramu 200. Yaani ina nafasi mara elfu moja na zaidi ya unachohitaji! Kuyeyuka sio tatizo kabisa. Tatizo ni kuitoa ndani ya ganda, maana ganda ni nyuzinyuzi na limejaa utomvu na mafuta mafuta, na hizo kemikali nyingine zaidi ya mia mbili, zile zinazofanya vanila iwe vanila na sio vanilini peke yake, nyingi zinaupenda utomvu huo na zinatoka haraka zaidi zikikutana na pombe ya asilimia 40 kuliko bia ya asilimia 5. Kwa hiyo ukitumbukiza maganda makavu moja kwa moja kwenye bia utapata ladha, ila polepole na nusu nusu, na juu ya hapo umeingiza kitu ambacho hakijasafishwa kwenye bia yako ya mwezi mzima.

Ndo maana karibu kila mzoefu anafanya hivi: anapasua ganda kwa urefu, anakwangua mbegu kwa mgongo wa kisu, ganda lenyewe anakatakata vipande vya sentimita moja moja, vyote, mbegu na ganda, anatia kwenye kichupa safi anafunika na vodka, anaacha siku tatu mpaka wiki mbili akitikisa kila akikumbuka. Ganda lisitupwe, nasema tena, sehemu kubwa ya harufu imekaa kwenye nyama ya ganda na ule utomvu unaozunguka mbegu, zile mbegu nyeusi zenyewe ni pambo. Vodka inakusaidia mara mbili, inavuta harufu na inaua vijidudu. Mililita 100 za vodka kwenye lita 20 zinapandisha kilevi kwa asilimia 0.2 tu kwa hiyo usiogope mtu kulewa zaidi. Konyagi inawezekana, ila ina ladha yake yenyewe na kwenye bia nyepesi utaisikia. Ramu nyeusi au wiski ya Marekani inaendana vizuri na stauti, mi binafsi kwenye stauti nzito nachagua ramu.

Kisha unamwaga vyote kwenye bia, kioevu na vipande, vipande vikiwa kwenye kifuko cha kitambaa kilichochemshwa na kufungwa uzi ili uweze kuvitoa. Anza kuonja siku ya tatu. Siku tano hadi saba zinatosha kwa wengi, ukiviacha wiki nyingi vinaanza kutoa ladha ya mti mti na ukakasi. Kiasi? Maganda mawili ya kawaida kwa lita 20 ni vanila inayojificha nyuma, mtu anasema "bia hii laini" bila kujua kwa nini, matatu inatambulika, zaidi ya hapo unatakiwa uwe na bia nzito kweli ya kuibeba. Ni kama iliki kwenye chai, uzuri wake unaisha pale wageni wote wanapoitaja kabla hawajakaa.

Na kama huna maganda? Hapa tunamfikia jamaa wa pili, wa chupa arobaini za pipi.

Kwenye rafu za duka kuna vitu viwili tofauti vinavyouzwa kwa jina karibu lilelile. Cha kwanza ni dondoo halisi, yaani maganda yaliyolowekwa kwenye pombe na kuchujwa, na kwa sheria za Marekani ili kiitwe hivyo lazima kiwe na kilevi kisichopungua asilimia 35 na kama gramu 100 za maganda kwa kila lita. Cha pili ni ile inayoandikwa esensi au ladha ya vanila, bei ya kawaida, mara nyingi ni vanilini ya kiwandani kwenye kiyeyushi, na wengine wanaongeza etili vanilini ambayo haipo kabisa kwenye mmea na nguvu yake ni mara kadhaa ya vanilini. Vanilini ya kiwandani si jambo la jana, Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann waliitengeneza mwaka 1874 kutokana na utomvu wa misonobari, leo nyingi inatoka kwenye kemikali za petroli na kiasi kwenye mabaki ya mbao. Haitakuua. Kwenye keki inayookwa tofauti ni ngumu kuitambua. Kwenye bia, ambapo hakuna siagi wala mayai ya kuificha, inasimama peke yake juu juu na mtu anapata picha ya pipi au barafu ya koni, na ile yenye etili vanilini ukizidisha matone machache tu basi kwaheri.

Uzuri wa dondoo halisi ni kwamba unaweza kuipima. Kama lita ina gramu 100 za maganda, basi kijiko cha chai cha mililita 5 ni nusu gramu, moja ya sita ya ganda la gramu tatu. Maganda mawili ni mililita 60. Lakini usimwage 60 kwa kuniamini mimi. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 1, halina sindano, bei ndogo. Chota bia yako kwenye glasi nne, kila moja mililita 100 kamili, weka 0.1 kwenye ya kwanza, 0.2 ya pili, 0.3, 0.5 ya mwisho, zipoe kwenye friji, onja na mtu mwingine asiyejua ipi ni ipi. Mkiipenda ya 0.3, hiyo ni mililita 3 kwa lita, lita 20 ni mililita 60. Dakika kumi za kazi, bia nzima imepona. Njia hii inafaa pia kwa kile kichupa chako cha vodka na maganda ukishakichuja, na hata kwa ile esensi ya bei nafuu kama huna namna, ila hapo anza na tone moja moja.

Angalia lebo kwa mambo mawili. Moja, sukari. Vile vinavyouzwa kama uji mzito wa vanila na vile vya sharubati vya kahawa vimejaa sukari, ukivitia siku ya kujaza chupa hamira itaamka, itakula, gesi itazidi na chupa inaweza kupasuka, na kioo kikipasuka hakichagui uso wa nani. Mbili, mafuta. Ladha yoyote iliyotengenezwa kwa mafuta inaua povu la bia, usiiguse. Na neno Bourbon kwenye pakiti ya maganda lisikuchanganye, hapo ni jina la zamani la kisiwa cha Réunion, halijawahi kukutana na wiski.

Wiski hata hivyo ina uhusiano na vanila, ila kwa mlango mwingine. Wiski ya bourbon kisheria inakaa kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, na mbao ikichomwa ile lignini yake, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi za mbao, inavunjika na kutoa, ndio, vanilini. Pipa likishatumika mara moja wenyewe hawawezi kulirudia kwa bourbon nyingine, wanaliuza, na wapika bia wanalinunua wanalaza stauti humo. Kwa hiyo ukionja stauti ya pipa ukasema "humu kuna vanila", inawezekana hakuna hata ganda moja. Mtu wa nyumbani hana nafasi ya pipa, ana vipande vya mwaloni vilivyochomwa vinavyouzwa kwa gramu, ukiloweka gramu 30 hivi za hivyo pamoja na ganda moja kwenye kichupa chako cha ramu unapata kitu chenye kina kuliko maganda matatu peke yake. Na umeokoa hela.

Bia ipi inafaa? Vanila haina utamu wowote. Ubongo umezoea kuinusa kwenye vitu vya sukari, basi ukiinusa unahisi utamu ambao ulimi haujaupata, na kama bia yenyewe ni nyepesi, kavu, imechachuka mpaka mwisho, unabaki na harufu ya keki na mdomo uko mtupu, inakera. Ndo maana inakaa vizuri kwenye stauti na ndugu yake pota, nayo bia nyeusi, kimea kilichokaangwa kinaleta kahawa na chokoleti, oti za uji zinaleta unene, na wengine wanaongeza sukari ya maziwa, laktosi, ambayo hamira ya bia haiwezi kuila kwa hiyo inabaki. Ukiweka laktosi waambie wageni wako mapema, watu wengi wa kwetu maziwa yanawavuruga tumbo. Kwenye bia ya njano nyepesi inageuka soda, kwenye bia chungu ya hopsi zenye harufu ya machungwa vinagombana.

Watu wa Kagera watauliza kuhusu rubisi, pombe yao ya ndizi, na swali ni la haki kabisa maana migomba, kahawa na vanila vinakaa shamba moja. Rubisi, na hata mbege ya Uchagani, vinanywewa vikiwa bado vinachachuka, hamira iko kazini mpaka kwenye kata. Kuichanganya vanila mapema ni kumlisha mchawi mtoto. Kama unataka kujaribu, ipitishe kwenye pombe kama nilivyosema na uitie kwenye kikombe wakati wa kunywa, matone machache, uone kama ule uchachu wa ndizi unaikubali. Wazee watakuangalia vibaya, hilo jiandae nalo.

Ukishajaza chupa usizitunze mpaka Krismasi ya mwaka kesho. Harufu ya vanila inafifia na miezi, bia ya vanila inanoga zaidi miezi ya mwanzo, ukijua utaiweka muda mrefu ndo hapo unaweza kuzidisha kidogo makusudi. Na siku ya kunywa usiitoe kwenye friza ikiwa barafu, baridi kali inaua harufu yote, na utamrudia mkulima wa Bundibugyo na lawama za bure. Iache mezani kama nusu saa, nyuzi 10 hadi 13 zinatosha, kisha mimina.